Hadi Baba wa Saba

20 Agosti
Leo tumeanza kung'oa maharage ya shamba la mtoni. Mkono wa kulia umechubuka, lakini naandika, kwa sababu nimejiahidi kuandika mpaka gunia la mwisho litoke shambani. Wenzangu niliomaliza nao shule wako Bishkek, mji mkuu, wanatafuta vyumba vya kupanga karibu na chuo. Alama zangu za mtihani hazikutosha. Nikikutana na mtu njiani huwa najifanya natafuta kitu mfukoni.

Nina kompyuta ya zamani na programu moja niliyoitunga mwenyewe. Niliianza kwa Lua, lugha ya kompyuta niliyojifunza kwa kuchezea mchezo fulani, majira ya baridi yaliyopita babu alipokuwa hai lakini haondoki kitandani. Unaingiza baba saba wa mvulana na baba saba wa msichana: baba, babu, baba wa babu, vivyo hivyo kwenda juu. Wakikutana popote hadi baba wa saba, kioo kinakuwa chekundu, maana hao ni ndugu na hawaoani. Wasipokutana, kinakuwa cha kijani. Majina ya kwetu alinitajia babu. Mwezi wa sita, babu akiwa ameshazikwa, niliiandika upya kwa lugha nyingine, Python, ili ifunguke kwenye simu ya mtu yeyote, na sasa kijiji kizima kinaitumia.

Sijamwambia mtu kwa nini niliianza. Mwaka juzi kwenye karamu moja wazee walimtaka Ata, yaani baba yangu Jolchu, ataje baba zake saba, akakwama kwa wa tano. Mtu akasema, "Mwacheni, Jolchu ana baba wanne na wanamtosha." Watu wakacheka. Ata naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu njia nzima ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana programu yangu inaonyesha rangi tu. Majina yanabaki yamefichwa, ili asiwepo wa kumsomea Ata jina na kumuuliza linalofuata.

23 Agosti
Maharage. Mgongo.

27 Agosti
Siku ya hereni za dada yangu Perizat, siku ambayo mama mkwe humvisha mchumba hereni na posa ikakubaliwa. Wazazi wa Erkebulan wamevuka mto na kondoo, vitambaa na peremende kama za duka zima. Erke, kama tunavyomwita kwa kifupi, ndiye dereva wa mashine ya kupuria maharage; kila mwaka anapita shamba kwa shamba, na mwaka jana alipofika kwetu alikaa zaidi kuliko shughuli yenyewe ilivyotaka.

Walipokwisha kumega mkate, baba yake, mzee Toktosun, akajifuta mikono akasema, "Haya mkwe, tutajiane baba zetu, ndipo nyama ipite kooni kwa amani."

Mkono wa Ata ulisimama juu ya sahani. Mimi nilikuwa nyuma ya samovari, lile birika kubwa la chai.

Mkewe, mama Burul, akasema, "Mzee, unataka tukae hapa mpaka theluji? Binti yao mdogo si ndiye mwenye ile programu? Lete simu."

Akaingiza majina ya kwao mwenyewe, kwa kidole kimoja, akiyanong'ona. Ya kwetu yalikuwamo tayari. Kijani.

"Tazama," mzee Toktosun akasema. "Mimi nilichapwa fimbo utoto mzima kwa ajili ya majina haya. Kumbe ningengoja tu."

Ata alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu babu afe. "Aliyeiandika ni huyu hapa. Aizirek, toka huko. Ana aibu huyu, lakini kichwa anacho."

Mama Burul akamvisha Perizat hereni za fedha zenye shanga nyekundu. Eje, kama ninavyomwita dada na kila mwanamke aliyenizidi umri, hakupumua mpaka ya pili ilipoingia.

29 Agosti
Jirani yetu Kalipa amenisimamisha kisimani. "Ni wewe uliyewaozesha? Na mimi nina mpwa, ana meno mazuri, nitafutie." Nimetembea hadi nyumbani kama mtu mwenye alama za kutosha.

2 Septemba
Perizat anashona pazia la bibi harusi, nami namshikia kitambaa. Amenieleza walivyoanza. Alimpelekea Erke chai shambani, akamwita baike, kama mtu anavyomwita kijana yeyote aliyemzidi umri. Erke akazima mashine akasema, "Niite chochote. Niite dereva, niite wewe. Baike usiniite, mimi si kaka yako."

"Kwa hiyo ukamwitaje?"

"Sikumwita. Nilimwekea chai nikakimbia." Akauma uzi kwa meno. "Ukicheka nakuchoma sindano."

5 Septemba
Mawingu upande wa milimani. Ata anatazama juu kila dakika. Maharage tuliyong'oa yamelala kwa mistari, hayajakauka.

6 Septemba
Mvua. Hakuna shamba. Nimeanza kujaribu lugha ya tatu, Ruby. Napenda kuzijaribu lugha kwa kuandika kitu kile kile, kama mtu anayepika pilau moja katika masufuria tofauti. Ruby ni ya upole. Inakuacha useme kitu kwa njia tano.

7 Septemba
Mvua. Nimemaliza. Kwa majaribio nimeingiza majina ya Perizat na ya Erke, nikiyahamisha kwa pamoja kutoka simu ile ya siku ya hereni bila kuyasoma, kwa sababu najua jibu lake. Imetoka nyekundu.

Nimekosea mahali. Nitatafuta.

8 Septemba
Nimetafuta tangu asubuhi. Nilidhani nimekosea herufi za jina. Nilidhani mpangilio umegeuka. Mwishowe nikaona kitu chenyewe: katika Ruby, ukiandika moja na saba na kati yake nukta mbili, unapata hadi saba pamoja na saba mwenyewe. Ukiweka nukta tatu, saba anabaki nje. Mimi niliweka mbili. Nikaongeza ya tatu. Kijani.

Nilifurahi, naandika ili nisije nikasahau kwamba nilifurahi. Nilinyanyuka kabisa nikaenda kula.

9 Septemba
Nimefungua ile ya kwanza, ya Lua, ambayo sijaigusa tangu babu afe. Nyekundu.

Kwenye Lua ukiandika moja, saba, inatembea mpaka saba na kumchukua. Kwenye Python ukiandika moja, saba, inafika sita na kusimama; saba ni ukuta. Mimi nilihamisha namba zile zile kutoka lugha moja kwenda nyingine, kama mtu anayehamia nyumba mpya na kuingiza funguo za zamani mlangoni. Tangu Juni programu yangu haijawahi kumtazama baba wa saba wa mtu yeyote.

Baba wa saba wa Erke anaitwa Boobek, na kaburi lake liko kwenye kilima cha Sary-Döbö. Baba wetu wa saba anaitwa Boobek. Babu alinionyesha kilima hicho dirishani.

Perizat anaimba chumba cha pili. Nimefunga kompyuta nikailalia.

10 Septemba
Mvua. Sikusema.

11 Septemba
Mvua. Sikusema. Apa, mama yangu, ameuliza kama nina homa.

13 Septemba
Jua kidogo. Tumegeuza maharage ili yakauke chini. Mengine yameota mizizi ndani ya maganda. Kalipa akapita barabarani na kupaza sauti, "Aizirek, mbona kile kitu chako hakifunguki? Mpwa wangu ana posa Jumapili."

Nimeifunga mwenyewe. Naogopa kuirekebisha, maana mtu akijaribu tena majina ya Erke, jibu litatoka. Naogopa kuiacha ilivyo. Nikasema, "Mtandao, eje. Kwa sababu ya mvua."

"Simu yangu inafungua mengine yote."

"Hii ni tofauti."

Ata alikuwa karibu. Akasema kwa majivuno, "Mambo ya kitaalamu hayo, Kalipa, wewe na mimi hatutaelewa." Nikainamia maharage. Ningeweza kuingia chini yake.

15 Septemba
Pazia limekwisha. Lina pembe za kondoo dume kwenye kingo, nyekundu kwa nyeusi. Perizat amejifunika nalo kichwani akaniuliza anafananaje. Nikasema anafanana na pazia. Akacheka. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya zizi mpaka giza.

Huwa najiambia ninanyamaza kwa ajili yake. Si kweli. Nikiandika hapa naona si kweli. Ninanyamaza kwa sababu Ata alisema mbele ya watu kwamba kichwa ninacho.

18 Septemba
Nimemwambia Ata.

Tulikuwa wawili tu kwenye mstari wa mwisho, kule mtaroni. Nilianza mara nyingi. Yeye akadhani nataka kuzungumzia chuo, akasema, "Mwakani utafanya tena mtihani, usiumie." Hapo nikalia, na ikabidi nimweleze nikiwa na kamasi, kuhusu lugha mbili na saba anayebaki nje, kuhusu Boobek.

Hakupiga kelele. Aliweka chini uma wake wa kugeuzia maharage. Akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Tangu mvua." Akatazama mlima. "Mama yako amealika watu mpaka Talas mjini."

Kisha akaketi kwenye ukingo wa mtaro, juu ya matope, na kusema kitu ambacho sikukitegemea. "Mimi ndiye niliyempa yule mama simu kwa mikono miwili. Nilishukuru. Nilisema moyoni, leo hakuna atakayenihesabia baba. Ungeniona nilivyocheka."

"Nilikuona, Ata."

"Basi." Akaokota uma wake. "Nitajie wote. Polepole."

Nikamtajia. Jolchu mwenyewe kwanza, kwa sababu kwetu sisi watoto yeye ndiye baba wa kwanza. Beishe, babu yangu. Kydyr. Alymkul. Tynai. Chokoi. Boobek. Tulifanya kazi mpaka jua likaondoka, naye akawa anayarudia kila akigeuza fungu. Alipokosea hakunitazama.

Jioni akasema, "Wakwe nitawaita mimi. Dada yako utamwambia wewe."

19 Septemba
Nimemwambia. Perizat hakulia. Aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na lugha zangu tatu, sikuwa nimejiuliza sawasawa.

"Watu husema hadi saba. Nikikwambia lima hadi mtaroni, unalima na mtaro?"

Nilianza kukunja pazia lake.

"Nakuuliza. Unalima na mtaro?"

"Hapana, eje."

"Basi hiyo Python yako ina akili kuliko wewe." Akasimama, macho yanang'aa. "Saba ndiye mtaro. Mashine ilisema kweli. Lua ndiyo iliyokosea, uliiandika ukiwa bado mwanafunzi. Uliniambia mwenyewe kuna nukta mbili na kuna tatu. Nani kasema ni mbili?"

Najua nani kasema. Amekichukulia kimya changu kuwa tumaini, nami nimemwacha alichukue.

21 Septemba
Mvua tena. Wanakuja kesho kutwa.

23 Septemba
Walikuja watatu: mzee Toktosun, mama Burul, na Erke mwenyewe, ambaye alikaa karibu na mlango kama mtu wa kupita. Apa alitandika kitambaa na kuweka boorsok, vipande vya unga vilivyokaangwa, na hakuna aliyegusa hata kimoja. Perizat alisimama kizingitini na birika, hereni masikioni.

Ata akasema, "Nimewaita kwa jambo la aibu, na aibu ni ya nyumba yangu. Siku ile sikutaja baba zangu. Nitawataja sasa." Akaweka mikono magotini. "Perizat ni binti wa Jolchu. Jolchu wa Beishe. Beishe wa Kydyr. Kydyr wa Alymkul." Hapo akasita. Nilifumba macho. "Alymkul wa Tynai. Tynai wa Chokoi. Chokoi..."

"Wa Boobek," akasema mzee Toktosun, kwa sauti ndogo, pamoja naye.

Maji kwenye birika yalikuwa yanasikika.

"Wa Sary-Döbö?" akauliza.

"Wa Sary-Döbö."

Mama Burul akaweka mkono mdomoni. Ata akaeleza kosa la programu, kwa maneno yake, na alieleza vizuri. Hakusema ni kosa langu. Alisema, "Tuliihesabu vibaya." Hiyo "tu" ilinichoma kuliko kofi.

Mzee Toktosun alifikiri. Ni mtu mwema, na anampenda mwanawe, hilo lilikuwa wazi. Akasema, "Jolchu, sikiliza. Kwetu ng'ambo ya mto husemwa hadi saba, na saba ni mpaka. Mpaka si shamba. Nimeona watu wameoana kwa saba, wana watoto, wana afya. Wengine huhesabu saba ndani, wengine nje. Ninyi kwenu mnahesabuje?"

Erke aliinua kichwa. Perizat aliweka birika chini.

"Sijui," Ata akasema. "Marehemu baba hakuniambia, au aliniambia nikiwa na haraka zangu. Lakini huyu alikaa naye majira yote ya baridi." Akanigeukia. "Aizirek. Babu yako alisemaje? Saba yumo au hayumo?"

Wote wakanitazama. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo kwa pamoja bila mtu wa kunifunika. Perizat alikuwa na uso ambao sitauandika. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama anafukuza nzi.

Ningesema sijui. Hakuna mwingine aliyekuwa chumbani siku ile. Babu amezikwa. Ilikuwa nukta moja tu.

Nilisema, "Nilimuuliza. Wakati naiandika ya kwanza. Nilimwambia, babu, kompyuta inataka nieleze, hadi saba, saba mwenyewe yumo?" Apa akaniambia niseme kwa nguvu. "Akacheka. Akasema, kama hayumo, kwa nini nimejichosha kukutajia jina lake?"

Mzee Toktosun akasema, "Hayo ni maneno ya Beishe kabisa," akajipangusa uso kwa mikono kama baada ya dua.

Perizat alizivua hereni mwenyewe. Ya kushoto ilikwama, akaivuta. Akazifuta kwa aproni na kuziweka kwenye kitambaa, karibu na mkate, mbele ya mama Burul.

24 Septemba
Sikwenda shambani. Apa hakuniita.

25 Septemba
Nimeandika kwenye kundi la simu la kijiji: tangu Juni kijani zote hazina uhakika, baba wa saba hakuhesabiwa, kila aliyeitumia ahesabu mwenyewe upya, kosa ni langu, Aizirek binti Jolchu. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma mpaka kioo kikazimika, ikabidi nianze tena.

Majibu yalikuja haraka. Mmoja: "Kwa hiyo mke wangu nimrudishe? Sema ndiyo, nakuomba." Mwingine akauliza mtihani wa taifa nilipata alama ngapi. Kalipa aliandika kwamba mpwa wake ameshaposa na sasa wazee wanakesha wakihesabu. Kisha akaongeza, "Mvua ya mtandao imekatika?"

Sijui ni wangapi. Programu hainitumii majina ya watu; yanabaki kwenye simu zao. Niliona hilo kuwa heshima.

30 Septemba
Perizat hajasema nami tangu siku ile. Anapitisha chumvi kupitia kwa Apa. Leo tulikuwa tunafunga magunia, akashika mdomo wa gunia nami nashona, na hapakuwa na mtu wa kupitia.

"Ungesema hujui."

"Najua."

"Neno moja."

"Najua, eje."

"Nisingekuuliza tena maisha yangu yote." Akakaza gunia. "Ningejua tu kwamba unajua."

Matundu ya masikio yake ameyatia vijiti vya ufagio yasizibe, kama tulivyofanya tukiwa wadogo.

3 Oktoba
Programu nimeifungua tena. Haina nyekundu wala kijani. Inaonyesha majina yote, ya huku na ya huku, moja chini ya jingine, kwa herufi kubwa. Watu wanalalamika kwamba haifanyi kazi. Ata ameomba nimwekee kwenye simu yake. Anayasoma akinywa chai, midomo ikitembea.

6 Oktoba
Theluji imeshuka mpaka nusu ya mlima. Limebaki shamba la mtoni, na lazima lipurwe leo au lioze. Ata hakuwa amemwita mtu. Asubuhi tukasikia mashine barabarani, na alikuwa Erke. Alikuwa ameahidi mwezi wa nane, kabla ya yote.

Asubuhi nzima alifanya kazi bila kuzima mashine hata mara moja. Vumbi la maganda lilitufunika sote. Kalipa na majirani wengine walikuja kusaidia, na nadhani walikuja kuona pia, maana walikuwa wanapiga soga kidogo kuliko kawaida.

Mchana Apa alimimina chai, akabaki na bakuli mkononi, hajui amtume nani. Perizat akalichukua. Alivuka shamba zima nalo, polepole, asimwage. Erke akamwona, akazima mashine.

Perizat akampa bakuli kwa mikono miwili.

"Chai, baike," akasema.

Erke akalipokea. Akasema, "Asante, dada yangu."

Mimi nikainama na kuanza kuokota maharage mahali ambapo hayakuwapo.